Pua ya Koyote

Majira ya baridi ya 1819 kuingia 1820, kikosi cha Meja Stephen Long kilipiga kambi kando ya mto Missouri, kaskazini kidogo ya mahali ulipo leo mji wa Omaha, Nebraska. Serikali ya Marekani ilikuwa imekituma kuichunguza nchi ya nyasi mpaka milima ya Rocky. Kikosini alikuwamo Thomas Say, mtaalamu wa wanyama na wadudu kutoka Philadelphia, pamoja na kijana wa miaka 20, Titian Peale, mchoraji na mwindaji. Usiku walimsikia mnyama wa jamii ya mbwa akibweka na kulia kuizunguka kambi. Kwa umbo angemkumbusha Mswahili bweha, ila huyu ni mkubwa zaidi na manyoya yake ni mazito. Wasafiri waliotangulia walimwita mbwa mwitu wa nyika, na William Clark alikuwa ameshampiga mmoja risasi Septemba 1804. Katika vitabu vya sayansi, hata hivyo, hakuwa na jina bado, na Say alimtaka mkononi ampime.

Kazi ya kutega akapewa Peale. Alianza na kasha kubwa la futi sita, limeinamishwa kifudifudi na kuinuliwa upande mmoja kwa vijiti, sakafu yake ya mbao zilizoachana, juu yake matumbo na mabaki ya nyama tele. Kulipokucha wakakuta mnyama amechimba chini ya sakafu, ameivuta nyama kupitia nyufa za mbao, amekula na kwenda zake. Peale akaunda tundu ambalo mnyama angeingia asiweze kutoka. Wakalizunguka, wakahangaika kuifikia nyama kutoka nje, lakini mlangoni hakupita hata mmoja. Akaleta mtego wa chuma, akaufukia chini ya majani makavu, nyama peke yake ikaonekana. Asubuhi nyayo zilitapakaa pande zote na mtego haujaguswa. Akaiondoa nyama mtegoni, akaitundika kwenye tawi juu yake, na vipande vingine akavitundika kwenye miti ya jirani. Usiku ule vipande vyote vililiwa isipokuwa kile kilichokuwa juu ya chuma.

Hapo ndipo walipoanza kuishuku pua. Peale aliuhamisha mtego, akaufukia upya, kisha akachoma moto majani ya eneo zima ili majivu yafiche harufu ya chuma na ya mkono wa mtu. Nyama iliyoning'inia juu ya mtego ikaendelea kukwepwa. Uliowapatia mnyama wao mwishowe ni mtego wa magogo, gogo juu ya gogo, zana ya kishamba isiyokuwa na kipande cha chuma. Mwaka 1823 Say akachapisha maelezo yake na kumpa mnyama huyo jina la Canis latrans. Leo Wamarekani wanamwita koyote.

Nimeanza na mkasa huo kwa sababu miaka mia mbili iliyofuata ya kumwinda koyote kwa harufu imo humo yote. Kuna kazi ya kuiondoa harufu yako, na kuna kazi ya kuweka harufu nyingine mahali pake. Ya kwanza Peale aliielewa akiwa msituni, ingawa haikumfaa. Ya pili walikuwa nayo watu wengine kabisa, wawindaji wa biva, yule mnyama wa majini mwenye mkia bapa ambaye manyoya yake yalitengenezewa kofia za mabwana wa Ulaya.

Biva ana vifuko viwili karibu na mkia vyenye utomvu wa rangi ya kahawia, mkali na mtamu kwa pamoja, anaoutumia kuweka alama kwenye mipaka ya makazi yake. Mtegaji alipaka utomvu huo kwenye kijiti, akakichomeka ukingoni mwa maji juu ya mtego. Biva akinusa harufu ya mgeni katika eneo lake huja mbio kumjua ni nani. Tarehe 7 Januari 1806, kwenye ngome ya Clatsop karibu na pwani ya Pasifiki, Meriwether Lewis aliandika katika shajara yake jinsi chambo hicho kilivyotayarishwa wakati ule, baada ya mwindaji wao hodari George Drouillard, ambaye mama yake alikuwa Mshawnee, kutoka kukagua mitego. Utomvu wa biva ulichanganywa na nusu ya kungumanga, chembe za karafuu na mdalasini uliosagwa laini, ukakorogwa kwa pombe kali mpaka ukawa mzito kama haradali, kisha ukafungiwa kwenye chupa kwa siku kadhaa uive. Lewis alikadiria kwamba biva aliweza kuinusa umbali wa maili moja.

Msomaji wa Unguja na Pemba asiwahi kujipa sifa. Mwaka 1806 mikarafuu ilikuwa bado haijaenea visiwani, na karafuu ya Drouillard ilitoka kwingine. Zamu yetu ilikuja baadaye, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipoanza kutia nanga Zanzibar mara kwa mara na Sayyid Said akatiliana saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Ila siwezi kujizuia kumfikiria mtu aliyelowa mvua kwenye mto Columbia, amekaa kwenye kibanda cha magogo, akisaga kungumanga na mdalasini kama anayeandaa pilau, na mgeni anayemwandalia ni biva.

Biashara ya biva ilikufa kufikia miaka ya 1840. Mito ilikuwa imekombwa, na huko Ulaya kofia za hariri zikashika soko. Watu waliobaki na ujuzi wa kutega wakahamia kwa wanyama wengine. Huko Oneida, jimbo la New York, mhunzi Sewell Newhouse alikuwa akifua mitego ya chuma iliyosifiwa kote, na jumuiya ya kidini aliyojiunga nayo ikaigeuza kazi yake kuwa kiwanda. Mwaka 1865 jumuiya ikachapisha kitabu cha mwongozo kwa jina lake. Kwa vitabu vya aina hiyo siri za chupa zilianza kutoka midomoni mwa wazee na kuingia katika uchapaji.

Nyikani magharibi, wakati huo, hakukuwa na haja ya siri yoyote. Wenye kutafuta manyoya ya mbwa mwitu walimuua nyati mmoja, wakampaka strikinini akiwa bado na joto, wakarudi kesho yake kuokota mizoga iliyolala duara kumzunguka. Walikufa mbwa mwitu, koyote, mbweha, kunguru, tai, na mbwa wa wenyeji wa Marekani waliopita njiani. Wahenga wetu walisema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, na sumu ilizidi hapo. Nyati walipokwisha na ng'ombe na kondoo kuchukua nafasi yao, wafugaji waliendelea na strikinini ile ile. Waliokuwa wepesi kudanganyika wakaisha. Waliobaki walijifunza kwamba nyama ya bure ina harufu yake.

Habari inayojulikana zaidi ya kipindi hicho inamhusu mbwa mwitu mkubwa, binamu yake koyote. Ernest Thompson Seton, mchoraji na mwandishi, alikwenda bonde la Currumpaw, New Mexico, kumsaka dume lililoitwa Lobo. Aliyeyusha jibini pamoja na mafuta ya figo ya mtamba, akakata vipande kwa kisu cha mfupa ili chuma kisiache harufu, akatia sumu ndani, akavaa glovu zilizotiwa damu, na hakuthubutu hata kukipumulia chambo. Kwa maelezo ya Seton, Lobo alivibeba vipande kimoja baada ya kingine, akavirundika mahali pamoja, akavinyea. Alinaswa Januari 1894 kwa njia ambayo haikuhusu chakula hata kidogo. Seton alikuwa amemuua jike lake, Blanca, akaukokota mwili wake juu ya mitego na kugonga chapa za wayo wake mchangani. Dume lilifuata harufu ya mwenzake.

Mtu anaweza kuisoma habari hiyo kwa machozi, na wengi wameisoma hivyo. Watega mitego waliisoma kama mafundi. Fundisho walilolitoa ni kwamba mnyama mwenye shibe na uzoefu haji kwa sababu ya tumbo, anakuja kwa sababu ya habari. Anataka kujua nani amepita, jike au dume, lini, na yuko katika hali gani. Koyote dume na jike hutembea mpaka wao pamoja, wakikojoa kwenye vichaka na mawe yale yale na kuparua ardhi pembeni, hasa miezi ya baridi wanapokaribia kupandana. Mahali hapo kila apitaye husoma na kuongeza lake.

Mwaka 1907 serikali nayo iliingia jikoni. Vernon Bailey, mtaalamu wa wanyama katika Wizara ya Kilimo, alitoa waraka wa maelekezo ya kuwaangamiza mbwa mwitu na koyote, na ndani yake mna kanuni ya chambo cha kunuka ambayo nashauri isisomwe kabla ya chakula. Unachukua nyama mbichi, unaitia kwenye chupa mahali penye joto, unaiacha kwa wiki kadhaa mpaka ioze kabisa. Kisha unaongeza mafuta ya nyangumi, miski, na mvuje ulioyeyushwa kwenye spiriti. Asiyeweza kupata miski atumie vifuko vya biva.

Ndiyo, mvuje huu huu! Utomvu unaotoka Uajemi na Afghanistan, ambao pwani yetu bibi zetu wameufunga kwenye hirizi za watoto wachanga na kuufukiza ndani ya nyumba ili mashetani wakimbie. Sisi twafukuzia, Wamarekani wakaitia. Na si mvuje peke yake. Katika chupa za watega mitego mlikuwa pia na zabadi, ile bidhaa ya ngawa ambayo majahazi ya Bahari ya Hindi yaliisafirisha kwa karne nyingi kwenda kwa watengeneza manukato. Duka la dawa la mji mdogo wa Wyoming na duka la mtabibu wa Mombasa yalishirikiana rafu moja kwa njia ambayo wenye maduka hawakuwa na habari nayo.

Mwaka 1909, A. R. Harding wa Columbus, Ohio, alitoa kitabu kizima juu ya kutega mbwa mwitu na koyote, kikiwa kimejaa ushauri wa watu wa mashambani. Nikisoma kanuni za zama hizo naona zote zinatafuta uvundo mkali. Samaki walioozeshwa juani, mafuta ya anisi, harufu ya skanki, yule mnyama mweusi mwenye mistari anayewarushia maadui maji yanayonuka kama anavyofanya kicheche wetu. Kila mtu aliapa kwamba chupa yake haina mfano, na wengi waliiuza.

Bunge la Marekani lilitenga dola 125,000 mwaka 1915 ili serikali yenyewe iajiri wawindaji wa kuwaua wanyama wala mifugo. Miaka mitano baadaye ikafunguliwa maabara huko Albuquerque, ikahamishiwa Denver mwaka 1921, na jina lake halikuficha kitu: Maabara ya Mbinu za Kutokomeza. Kazi yake kubwa ilikuwa sumu. Harufu, hata hivyo, haikuachwa, kwa kuwa mbwa mwitu wachache waliosalia walikuwa hawagusi tena nyama yoyote.

Wa Custer, Dakota Kusini, ndiye aliyetangazwa zaidi. Wizara ya Kilimo ilisema ameua mifugo yenye thamani ya dola 25,000 katika miaka tisa, na ilimtuma mwindaji H. P. Williams akae naye mpaka ampate. Williams alifika Machi 1920. Aligundua kwamba mbwa mwitu huyo hatembei peke yake, bali koyote wawili humfuata ubavuni, mmoja kila upande, wakingoja mabaki yake na kushtuka kabla yake kukiwa na hatari. Kwanza hakutaka kuwapiga risasi asije akamtimua mwenyewe. Baadaye akaona hana budi, akawaua. Alipaka harufu ya mbwa mwitu jike kwenye mitego na nyayo za viatu vyake, akawa akitembea huku akiacha uongo nyuma yake. Mnyama alivutwa, akafuata, akashtuka, akarudi, mwezi baada ya mwezi. Oktoba alikanyaga chuma, akakimbia nacho, akapigwa risasi. Kilo zake hazikufika 45. Taarifa ya wizara ilimwita mhalifu, kana kwamba alihukumiwa mahakamani.

Stanley Young, aliyeanza kama mwindaji wa serikali Arizona na kupanda hadi ofisi kuu, ndiye aliyeifanya kazi hii kuwa somo. Vijitabu vyake vya karibu na 1930 havisisitizi uvundo. Vinasisitiza usafi na mahali. Mtego unachemshwa kwa magome au maganda ya miti ili uache harufu ya kiwanda na kutu. Mtegaji anavaa glovu ambazo hazijashika kitu kingine, anapiga magoti juu ya kitambaa au kipande cha ngozi, na udongo wote anaochimba anauweka juu yake ili usionekane umetifuliwa. Mtego unazama ardhini, sahani yake inafunikwa isiingiliwe na mchanga chini, kisha udongo mkavu uliochekechwa unarudishwa juu na kusawazishwa kwa kijiti. Palipo na kichaka ambacho koyote hukikojolea, mtegaji anadondosha matone machache ya mchanganyiko wa mkojo, nyongo na tezi za mkunduni za koyote mwingine. Palipo wazi, anachimba kishimo chembamba kilichoinama, mfano wa mahali mnyama alipozika akiba yake, na ndani anatia kitu kinachonuka kidogo. Koyote akisogeza pua kwenye kishimo, mguu wake wa mbele unatua pale ulipotarajiwa.

Mkojo ukawa bidhaa. Hadi leo wapo wanaofuga koyote na mbweha kwenye vizimba vyenye sakafu ya wavu, chini kuna sinia la kukusanyia, na chupa zinauzwa kwa posta. Wanunuzi wakubwa si watega mitego tu. Ndugu wa Burnham wa Marble Falls, Texas, waliueneza miaka ya 1950 uwindaji wa kumwita koyote kwa filimbi inayolia kama sungura anayekufa, na wawindaji wa namna hiyo waligundua haraka kwamba koyote anayeitika haji kwa njia ya moja kwa moja. Anazunguka mpaka awe upande ambako upepo unamletea harufu, anusapo mtu anatoweka. Kwa hiyo mwindaji anatundika pamba yenye mkojo au harufu ya skanki upande huo, ili pua ishughulishwe kwa sekunde chache zinazohitajiwa na bunduki. Wazee wa kazi wanasema upepo mzuri ni bora kuliko chupa yoyote, nami naona wanasema kweli.

Mwaka 1931 Bunge lilipitisha sheria ya kudumu ya kuwadhibiti wanyama waharibifu, iliyoruhusu hadi dola milioni moja kwa mwaka kwa miaka kumi. Ilipita licha ya upinzani wa wanasayansi wengi. Olaus Murie, mfanyakazi wa idara ile ile iliyoajiri wawindaji, alikuwa Jackson Hole, Wyoming, akichambua kinyesi na matumbo ya koyote, na ripoti yake ya 1935 ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao ni panya na jamaa zake. Wakubwa wake hawakuifurahia.

Karibu na muda huo kikatokea chombo kilichoigeuza harufu kuwa kifyatulio. Ni bomba lililochomekwa ardhini, juu yake kichwa kilichovikwa sufi au manyoya na kupakwa chambo, ndani risasi iliyojazwa sianidi. Koyote akikiuma kichwa na kukivuta, sumu inamlipukia kinywani. Miaka ya 1960 baruti iliondolewa, ikawekwa springi, na chombo kikapewa jina la M-44. Hapo mafundi wa harufu walipata tatizo jipya. Zamani ilitosha mnyama asogee. Sasa ilibidi aume. Koyote anaponusa kitu ana mambo mengi ya kufanya. Anaweza kulamba, kujigaragaza juu yake, kukojoa, kufukua, kuuma, au kunusa tu akapita. Harufu inayomfanya ajigaragaze haina faida kwa bomba.

Februari 1972 Rais Nixon alipiga marufuku sumu za kuua wanyama wala nyama katika ardhi ya serikali kuu. M-44 ikarudi kwa masharti mwaka 1975. Machi 2017, juu ya kilima nyuma ya nyumba yao huko Pocatello, Idaho, mvulana wa miaka 14 aliona kibomba ardhini, akakigusa. Yeye alipona. Mbwa wake aliyekuwa pembeni alikufa mbele ya macho yake. Mwaka 2023 idara inayosimamia ardhi ya umma ya Marekani iliviondoa vibomba hivyo kwenye maeneo yake yote.

Marufuku ya 1972 ilikuwa na tunda ambalo halikutarajiwa. Serikali ililazimika kujua koyote wako wangapi, na koyote hahesabiki kwa macho. Watafiti Samuel Linhart na Frederick Knowlton wakatumia chambo bila mtego. Kwenye barabara za vumbi za majimbo 17 ya magharibi zilipangwa safu za vituo 50, kila kimoja duara la udongo uliochekechwa, upana wa yadi moja, katikati kidonge cha plastiki chenye unga wa yai lililochachushwa. Watumishi walipita asubuhi kwa siku tano mfululizo, wakisoma nyayo na kusawazisha udongo upya. Maelezo yao yalichapishwa mwaka 1975. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote zilizofanywa kwa harufu katika historia hii. Mnyama alikuja, akanusa, akaacha jina lake mchangani, akaondoka.

Lakini yai lililochacha halikubali kuwa sawa kila mara, na sayansi inataka usawa. Roger Bullard na wenzake wa Denver walilichambua, wakachapisha mwaka 1978 orodha ya viini vya harufu yake, asidi za mafuta na misombo ya salfa ikiwamo. Ndipo ikawezekana kulitengeneza bila kuku. Uvundo huo huo unaomvuta koyote unamfukuza kulungu, na unga wa yai bovu ukauzwa kwa wenye bustani na mashamba ya miti. Wengine huko California walijaribu mchanganyiko wa asidi ulioigwa kutoka kwa kima jike aina ya rhesus, na koyote waliujia. Bailey na chupa yake ya nyama iliyooza hakuwa mbali na ukweli. Alikuwa akizalisha asidi hizo hizo bila kuzijua majina.

Baada ya fedha na akili zote hizo likabaki swali ambalo mfugaji ndiye mwenye haki ya kuliuliza: anayenaswa ndiye aliyekula kondoo wangu? Utafiti wa Knowlton na wengine Texas na Utah ulionyesha kwamba koyote huogopa kitu kigeni zaidi anapokuwa ndani ya eneo lake, kwa sababu eneo hilo analijua kila kichaka. Ugenini na mipakani woga hupungua. Kwa hiyo chambo huwapata kwa wingi vijana wanaotanga wakitafuta makazi. Katika miaka ya 1990, kwenye shamba la utafiti la Hopland, California, Benjamin Sacks, Michael Jaeger na wenzao waliwafunga koyote redio shingoni na kufuatilia mizoga ya wanakondoo. Waliokuwa wakiua ni dume na jike wenye eneo na watoto wa kulisha. Na hao hao ndio waliokuwa wagumu kuliko wote kunaswa.

Kwa maneno mengine, chupa imekuwa ikiwachuja wajinga na wapita njia kwa zaidi ya karne moja, huku wenyeji wakiendelea kula. Wala sisemi kwamba kilio cha mfugaji ni cha uongo. Anayeamka na kukuta wanakondoo wamekabwa koo hana raha ya kusikiliza somo la asidi. Lakini hesabu ni hesabu. Serikali ya Marekani peke yake imeua koyote zaidi ya 60,000 kwa mwaka katika miaka mingi ya karibuni, na mnyama aliyekuwa wa nyika za magharibi sasa yuko kila jimbo isipokuwa Hawaii, anazaa katikati ya Chicago, na kusini ameshafika Panama.

Ipo kampeni moja ya chambo iliyofanikiwa. Mwaka 1988 kichaa cha mbwa kiliingia kwa koyote wa Texas kusini, mpakani na Mexico, kikaanza kupanda kaskazini kaunti baada ya kaunti. Watu wawili walikufa. Kumtega kila koyote wa Texas kusini ni ndoto, na idara ya afya ya jimbo haikujaribu. Februari 1995 ndege zilianza kuruka chini chini zikimwaga vibonge vya unga wa samaki au chakula cha mbwa, kila kimoja kikiwa na kifuko cha chanjo ndani. Hapa ule ujanja wa koyote wenyeji haukuharibu kitu, maana chanjo haihitaji kumfikia kila mmoja. Ikiwapata walio wengi, ugonjwa unakosa pa kwenda. Mamia ya maelfu ya vibonge yalidondoshwa kila baridi, koyote wakanusa, wakaokota, wakatafuna. Aina hiyo ya kichaa ilionekana Texas mara ya mwisho mwaka 2004, na mwaka 2007 Marekani ikatangaza kwamba kichaa kinachoambukizwa kutoka mbwa hadi mbwa kimekwisha nchini humo.